Kumchagulia Mkwe Miwani ya Mto

Tulikuwa watu watano kwenye kile kibanda cha miwani pale Mtito Andei. Mimi nilikuwepo, ninayesimulia. Binti yangu wa tatu alikuwepo, yule aliyeolewa ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui. Mume wake alikuwepo, mkwe wangu, na ndiye tuliyekuwa tunamtafutia miwani. Kaka yake mkubwa alikuwepo, mwenye wavu. Yeye alikuwa amekuja mjini kununua uzi wa kushonea wavu wake, akatuona, akatufuata tu. Wa tano ni mwenye kibanda, mama wa makamo. Mama yake mzazi niliimba naye kwaya kanisani miaka mingi, kabla hajahamia Malili kufanya biashara.

Majina yao ninayo yote, hata ya babu zao. Wanaonijua wanajua sisahau jina la mtu. Lakini kwetu mama mkwe halitaji jina la mkwe wake ovyo ovyo. Na kama la kwake siliandiki, nikiandika ya wengine itaonekana kama yeye peke yake hakupewa jina. Kwa hivyo nimeyaacha yote. Na mtu asishangae kuona mimi ninaandika. Shule niliiacha darasa la pili, kuandika nikaongezewa ukubwani, kwenye darasa la akina mama wa kanisa. Pole pole, lakini ninaandika.

Kazi ya mkwe wangu ni samaki. Sisi Wakamba wa zamani hatukuwa watu wa samaki sana. Mama yangu alikuwa akimwona kambare anauliza nani ameua nyoka. Siku hizi hoteli za barabara ya Mombasa zinawapikia madereva wa malori samaki kila siku, na mto uko hapa kwetu, basi vijana wakaingia mtoni.

Wakati wa kiangazi Athi hupungua, maji yanasimama kwenye madimbwi marefu katikati ya mawe. Wanaume wawili wanaingia hadi kifuani, wanavuta wavu. Wa tatu anasimama juu ya mwamba, hashiki wavu, hashiki samaki, anatazama maji tu. Mto huo una mamba. Akisema "Tokeni!" hakuna kuuliza kwa nini, unatoka. Na mgao wake ni sawa na wa wale waliolowa. Mkwe wangu ndiye mtu wa mwamba. Shamba lao ni mawe matupu, na kabla ya mwamba huo alikuwa Nairobi akibeba saruji kwenye mijengo, anarudi nyumbani Krismasi peke yake. Mwamba ndio uliomrudisha kwa mke na watoto.

Sasa, kiangazi hicho, asubuhi ya saa nne, jua likiwa limeyapiga maji mpaka yanang'aa kama bati jipya, mamba alikuja mpaka kwenye wavu na mtu wa mwamba hakumwona. Kaka mtu alijua baada ya wavu kuwa mzito kwa namna isiyo ya samaki. Walitoka majini kwa mikono na magoti. Hakuna aliyeumwa, ila wavu ulipasuka katikati.

Kaka mtu hakupiga kelele. Alisema tu, "Mara ya kwanza ni bahati mbaya. Mara ya pili ni matanga. Nakupa mpaka Jumatatu. Kama huoni ndani ya maji, mwamba nampa mtu mwingine."

Mkwe wangu akasema shida ni mng'aro. Na alikuwa na dawa yake. Kuna mgeni aliyekuja siku moja pale darajani kuvua kwa ndoana, kwa raha zake tu, akamwazima miwani yake kidogo. Alipoivaa, mng'aro ukafutika, akaona mawe ya chini kama yako mezani. Akauliza inaitwaje, akaambiwa polaraizi. Lakini lugha yetu ya Kikamba haina hiyo "ra". Neno lilipovuka daraja lilikuwa limeshatafunwa, na nyumbani kwake likafika likiwa polalaisi.

Akaenda akanunua ya kwanza kwa mchuuzi anayetembeza vitu kwenye mabasi. Nyeusi kama sehemu ya chini ya sufuria. Akapanda nayo mwambani, akaona mng'aro uko pale pale, ila sasa ni mng'aro ndani ya giza. Ndipo binti yangu akanipigia simu.

"Mwaitu," akasema, ndivyo tunavyomwita mama, "Ijumaa tukutane Mtito. Wewe hudanganywi sokoni."

Hilo ni kweli. Nimeuza ndengu na maharagwe Mtito tangu petroli ikiwa na kituo kimoja. Mtu akiniuzia kitu kibovu ni kwa sababu nimekubali.

Kibanda cha kwanza tulichofika kilikuwa cha mwanaume, kimejaa chaja na soksi. Mkwe wangu akamwambia, "Nataka polalaisi."

"Za kulala? Ziko," akajibu haraka, akatoa kitambaa cheusi chenye lastiki, kile abiria wa mabasi ya Mombasa wanafunika nacho macho wapate usingizi.

Kaka mtu alicheka akashika nguzo. "Nunua hiyo! Vaa hiyo hiyo, usimame juu ya mwamba, mamba mwenyewe atakubembeleza!"

Mkwe wangu hakucheka. Binti yangu pia hakucheka. Niliona akimshika mumewe kiwiko, nikafikiri ni aibu ya soko tu.

Tukaenda kwa yule mama. Aliponiona akaacha wateja wengine. "Susu!" akaniita, yaani bibi. "Umekuja kununua miwani ya kusomea?"

"Macho yangu ni mazima kuliko yako," nikamwambia. "Nataka miwani ya mtu wa mto. Inayoondoa mng'aro wa maji. Si nyeusi tu. Nyeusi tunayo, imetushinda."

Akaelewa mara moja. "Polaraizi. Madereva wananunua sana, kwa ajili ya barabara ikilowa." Akapanga tatu mezani, moja ya kijivu, moja ya kahawia, moja ya bluu inayorudisha sura yako kama kioo. Mkwe wangu, mwanaume mwenye watoto wanne, mkono wake ukaenda kwenye ile ya bluu.

"Aaa," akasema kaka mtu, "huyo sasa anaenda kuposa mamba."

Mwenye kibanda akatoa kadi ndogo. Ukiitazama hivi hivi ni rangi tu. Ukivaa miwani, ndani yake anatokea samaki. "Umemwona samaki, Susu? Basi ndiyo uthibitisho."

Nikamwona. Lakini nikauliza, "Hii kadi imetoka wapi?"

"Inakuja pamoja na miwani, kwenye katoni moja."

"Basi hiyo ni shahidi aliyefika kortini kwa gari la mshtakiwa. Nipe maji."

Wakacheka wote, lakini sikuwa natania. Mtu anayenunua maharagwe kwangu hatazami picha ya maharagwe. Anatia mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko. Miwani ni ya maji, basi ijaribiwe kwa maji. Binti yangu akaazima karai la bluu kwa hoteli ya jirani, tukalijaza, tukaliweka chini penye jua kali. Kikapuni nilikuwa na maharagwe ya Mbooni, yale mekundu makubwa, niliyonunua asubuhi hiyo kwa mbegu. Nikatia kiasi bila kusema ni mangapi. Nikarudi nyuma hatua mbili, kwa sababu ukisimama juu kabisa ya maji mng'aro haukusumbui. Unakusumbua ukiwa kando, kama mtu wa mwamba alivyo.

Kwa macho matupu niliona mbingu imelala kwenye karai. Nikavaa ile nyeusi ya mchuuzi, nikaona mbingu hiyo hiyo, ila imekasirika. Nikavaa ya kahawia, na maharagwe yakatoka moja moja, kama watu wanaotoka nje mvua ikikatika. Nikahesabu tisa, na tisa ndiyo niliyotia.

Ya kijivu nayo ilionyesha. Ya bluu ilionyesha, lakini chini palikuwa na giza kidogo. Ya kahawia iliyatenga maharagwe na karai vizuri zaidi, na maji yetu hayako bluu kama ya kalenda, ni maji ya mchanga. Nikasema, "Ni kahawia."

Binti yangu akaivaa, akainamisha kichwa upande mmoja kufunga leso, akapiga yowe. "Mwaitu, yamepotea!" Akanyoosha shingo, yakarudi. Akainama tena, yakapotea. Mwenye kibanda akasema ndivyo zilivyo, zinataka kichwa kilichonyooka. Hilo kadi haikutuambia. Karai lilituambia.

Ikawa zamu ya mwenyewe.

Hapa lazima nieleze nthoni, kwa wale wasioijua. Ni heshima yenye haya ndani yake, iliyo kati ya mtu na wakwe zake. Mkwe wangu hanitazami usoni. Tukisalimiana, yeye anatazama mbuzi, au mti. Tangu amwoe binti yangu sijawahi kuona macho yake sawasawa, na nilikuwa namsifu kwa hilo. Nilikuwa nawaambia wanawake wenzangu, huyu alilelewa.

Basi alivaa ya kahawia, akasimama kwa ubavu, uso umeelekea barabarani, kwa sababu mimi nilikuwa nimechuchumaa ng'ambo ya karai.

"Mangapi?"

"Sita, mwaitu."

Akavaa ya kijivu. Sita. Ya bluu. Sita. Kaka mtu akaanza kuguna. "Unaona? Sio miwani. Miwani tatu haziwezi kukosea sawasawa."

Maneno hayo yalinifikirisha. Miwani tatu hazikosei sawasawa, kweli. Nikamtazama vizuri. Kumbe alikuwa hatazami kupitia kwenye miwani hata kidogo! Kwa kukwepa uso wangu alikuwa anachungulia kwa pembe ya jicho, pale miwani inapoishia. Angevaa hata vifuniko vya sufuria angeona yale yale sita.

"Geuka," nikamwambia. "Elekeza uso kwenye karai."

Akasogea kidogo tu.

"Geuka wote. Mimi ni mama yako leo, sio mkwe. Nthoni haijui kuogelea."

Akageuka. Na kwa vile ya bluu ilikuwa bado usoni, akaivua ili avae ya kahawia, na hapo jua likampiga. Jicho la kulia likajifunga lenyewe, machozi yakamwagika mpaka kidevuni. Alipolifungua nikaona. Kipande cha nyama, chenye mishipa myekundu, kimeota kutoka upande wa pua na kutambaa juu ya weupe, kuelekea kwenye mboni.

Nikasema, "Hii ina muda gani?"

Binti yangu ndiye aliyejibu. "Mwaka na nusu, mwaitu. Alinikataza nisiseme."

Mwaka na nusu amekuja kwangu, amekula kwangu, amenichimbia mashimo ya miembe, na mimi nilimwona akigeuza uso nikahesabu heshima. Heshima ilikuwepo, siikatai. Lakini nyuma ya heshima kulikuwa na jicho.

Kaka mtu alisimama akiwa na uzi wake mkononi. Utani ulikuwa umemwisha. "Ulikuwa unatulinda na jicho moja?"

"Mawili," akasema mkwe wangu. "Yote yanaona. Hili linalia tu jua likiwa kali."

"Na mamba anakuja jua likiwa kali! Mimi niko ndani ya maji na wewe unapangusa machozi! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenipa nini? Ungenipa mwamba?"

Kila mmoja alikuwa na haki yake. Mwenye kibanda alikuwa anapanga upya miwani iliyokuwa imeshapangwa.

Basi nikamwambia mkwe wangu, "Vaa ya kahawia. Simama mbele yangu. Shingo sawa. Mangapi?"

"Tisa."

Nikamwambia ageuke nyuma, nikatoa manne. "Na sasa?"

"Matano."

Kaka mtu akachuchumaa, akamwambia ageuke tena. Akachota ngumi ya maharagwe kutoka kwenye kikapu changu bila kuniomba, akayatupa ndani, na juu yake akatia kitu alichokiokota chini. Akavuruga maji kwa mkono, akangoja yatulie. "Haya, mtu wa mwamba. Soma."

Mkwe wangu alitazama kwa muda. "Kumi na moja," akasema, "na kifuniko cha soda, kimelala kifudifudi."

Kaka akatia mkono akahesabu. Akakitoa kifuniko, akakiangalia, akakitupa. "Karai halina mamba," akasema. Lakini hakuondoka.

Tukachagua fremu inayofunika hadi kando, kwa sababu mwanga unaoingia kwa ubavu nao ni adui. Mwenye kibanda akaifunga uzi wa nyuma ya shingo ili isitumbukie mtoni. "Mkamba bila kamba hawezi," akasema, na hapo hata mkwe wangu akacheka. Kisha mama huyo akanivuta kando. "Susu, miwani itazuia jua. Nyama haitaing'oa. Mpelekeni kwa daktari wa macho, msimpeleke kwa muuza miwani tena."

Tulimpeleka siku hiyo hiyo. Nilikaa naye ndani mpaka daktari akamaliza, kwa sababu nilijua akiingia peke yake atatoka na kusema "ni sawa". Daktari alimwambia nyama bado haijafika kwenye mboni. Jua na vumbi ndivyo vinavyoilisha. Avae hiyo miwani kila siku ya jua, atie dawa, arudi baada ya miezi mitatu, na ikiendelea kutambaa itakatwa. Nikamuuliza kile ambacho mkwe wangu aliogopa kuuliza, kwamba je, mtu huyu anaweza kulinda watu? Akampima kwa zile herufi ukutani, jicho moja moja. Akasema kuona anaona, shida ni jua kumfunga macho, basi asimame pale akiwa amevaa, na asisimame siku ambayo hajavaa.

Jumatatu nikaenda mtoni. Sikualikwa. Nilikaa ukingoni upande wa Makueni, juu kabisa, na binti yangu. Mkwe wangu alipanda mwambani na miwani yake, shingo imenyooka kama ya mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kaka na mwenzao walisimama kwenye mchanga na wavu ulioshonwa upya. Hawakuingia.

"Unaona nini?" kaka akaita.

"Jiwe la kiti liko mbele yako, hatua nne. Nyuma yake kuna mzizi. Kambare wawili chini ya mzizi, mmoja mkubwa."

"Tuingie?"

"Bado."

"Bado nini?"

"Kule chini ya kivuli cha mgunga kuna kitu."

Kaka akakinga macho kwa mkono. Mimi pia nilitazama, na macho yangu nimeshayasifu. Niliona kung'aa tu. "Ni gogo hilo," kaka akasema. "Liko hapo tangu mvua."

"La tangu mvua naliona. Hili liko kando yake."

Wakangoja. Mwenzao alianza kulalamika kwamba jua linapanda, samaki wataenda. Kaka akamwambia anyamaze. Binti yangu alikuwa ameshika ukingo wa leso kwa meno. Kama hapakuwa na kitu, mwamba ulikuwa umepotea, na tulijua hivyo wote, hata mlalamikaji.

Kisha gogo la pili likajisogeza. Likapanda upande wa juu wa dimbwi, polepole, likatoa pua mbili na macho mawili, likatazama watu, likaona hakuna la kula, likazama kuelekea chini ya mto. Mkwe wangu alilifuata kwa kidole muda wote likiwa ndani, akisema, "Sasa yuko hapa. Sasa hapa. Amepita jiwe jeupe. Amekwenda."

Kaka mtu hakumpongeza, na hakumwambia habari ya Jumatatu imekwisha. Alivua shati, akashika ncha ya wavu, akaingia majini akiwa ameupa mto mgongo.

Mimi nasema walingoja muda wa kuchemsha chai. Binti yangu anasema ni mfupi kuliko huo, ni woga wangu ulioufanya mrefu. Mwenzao amekuwa akisimulia kwamba mamba walikuwa wawili. Mimi nilimwona mmoja, upande wa Kitui. Kama ulikuwepo mtoni siku hiyo, au ulisimuliwa na aliyekuwepo, na umeona nimekosea ukubwa wake, au upande, au nani aliyeshika ncha gani ya wavu, njoo nyumbani uniambie, nitaketi nisikilize na nitaandika upya. Lakini ukija kuniambia hakuwa mkwe wangu aliyemwona kwanza, beba na chakula chako, maana tutakaa sana.